Daftari la Godoro

Fundi bomba aliitwa kwa ajili ya tangi. Litajwe mapema hilo, maana baadaye kila mtu katika nyumba ile alitaka kuonekana ndiye aliyeshtuka wa kwanza, na ukweli ni kwamba hakuna aliyeshtuka. Tangi la juu ya paa lilikuwa halijai, basi. Maji ya mjini huja kwa mgao, usiku wa Jumatatu na usiku wa Alhamisi, na zamani tangi lilikuwa likijaa mpaka linamwagika. Siku hizi likifika nusu ni bahati.

Hiyo zamani yenyewe ni ya miezi sita nyuma. Nyumba ilikuwa haijatimiza mwaka. Kitasa cha mlango wa mbele bado kilivaa nailoni yake ya dukani, na ole wake ambaye angejaribu kuivua.

Aliyemfungulia fundi ni muuguzi wa wodi ya wazee, miaka kumi na tisa kazini, ambaye mtaa mzima humwita Sista, hata wale wanaomzidi umri. Alhamisi ile ilikuwa siku yake ya mapumziko. Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuwa barabarani. Binti yao alikuwa shule. Aliyebaki nyumbani ni mama mkwe wake, ameketi barazani anachambua maharage, polepole kuliko kawaida yake. Chumbani kwake kulikuwa na mabegi mawili, yote yameshafungwa zipu.

Mabegi yalikuwa yanasubiri Jumamosi. Siku hiyo wifi mkubwa, dada wa mume, mwalimu mkuu asiyependa kujadiliwa, angekuja na gari kumchukua mama moja kwa moja. Kaka na dada walikwisha kukubaliana kwenye simu: mama uzee umemwingia, analowesha kitanda, anahitaji mtu wa kukaa naye usiku na mchana. Kwa wifi kuna chumba cha uani, na msichana wa kumwangalia ameshapatikana. Mama alipoelezwa alijibu, "Sawa." Mwanamke aliyepika shule ya bweni miaka thelathini, akiwafokea wanafunzi mia sita hadi wakamwita Mama Mwiko, alijibu sawa, akaenda kukunja nguo zake.

Na nyumba hii ilijengwa kwa ajili yake. Kwenye ramani, kabla ya sebule, kabla hata ya jiko, mwanawe alionyesha kwa kidole pembe ya mashariki na kumwambia mchoraji, "Hapa ni kwa mama. Kingine chora unavyojua."

Neno la kulowesha kitanda lilitoka kwa Sista. Miezi mitano nyuma, akibadilisha mashuka, alilikuta godoro la mama mkwe limelowa upande wa ukutani. Hakuuliza. Kazini humuuliza mzee asiyemjua, mbele ya wodi nzima, amekwenda choo mara ngapi na kimekuwaje, wala hapepesi jicho. Lakini mama mkwe ni mama mkwe. Mtu utamwangaliaje usoni, umwulize jambo kama lile, halafu jioni mle naye meza moja?

Kwa hiyo alilishughulikia kimyakimya, kwa heshima, na kwa ujuzi wake wote. Alitandika mpira chini ya shuka. Binti yake, aliyekuwa akilala na bibi yake upande wa nje wa kitanda, alihamishiwa sebuleni kwa kisingizio cha mitihani. Kikombe kikubwa cha bati cha mama mkwe, kile cha chai ya jioni ambacho kikijaa watu wawili wa kawaida wanashiba, kilipandishwa juu ya kabati la vyombo. Badala yake mama aliletewa kikombe kidogo cha kaure saa kumi alasiri, na baada ya hapo hakuna cha chai wala maji. Mwisho Sista alinunua pakiti ya nepi za watu wazima, akaiweka kwenye kabati la nguo la mama, nyuma ya taulo. Kesho yake aliikuta juu ya kabati, haijafunguliwa. Hakuna aliyesema kitu. Kwa miezi mitano wanawake wale wawili walikuwa wakisemezana kwa namna hiyo.

Tena aliweka daftari. Mkono wa muuguzi haukai bila kuandika. Tarehe, hali ya godoro, maelezo, na mwisho wa kila mstari sahihi yake fupi, maana wodini kisichotiwa sahihi hakijafanyika. *Limelowa. Kavu. Kavu. Limelowa. Kavu, chai imepunguzwa, maendeleo mazuri.* Kuyasifu hivyo matibabu yake mwenyewe kulimpa moyo sana.

Jambo moja tu lilimkera: harufu. Pua ya Sista imesomea, na harufu ile haikuwa ya mkojo. Ilikuwa nzito, ya kitu kilichofungiwa. Alijijibu kwamba mama hunywa maji mengi, mkojo wake mwepesi. Alipompunguzia maji na harufu ikabaki vilevile, alijijibu kwa kununua dawa ya kunukisha chumba.

Fundi bomba alikuwa mwembamba, penseli sikioni, na maneno hayamwishi mdomoni. Alipanda paani, akashuka. "Boya zima. Tangi zima. Tatizo liko njiani." Alikwenda kwenye mita, akarudi. Akaingia bafuni, akaanza kugongagonga vigae kwa kishikio cha koleo lake, sikio limelala ukutani. Ko, ko, ko. Kisha, karibu na usawa wa goti, pu.

"Sista. Nyuma ya hapa kuna nini?"

"Chumba."

"Cha nani?"

"Cha mama."

"Nikakione."

Sista alisimama mlangoni mwa bafu bila kusogea. "Si lazima uingie. Mama ni mtu mzima, chumba chake..." Akatafuta neno. "Kina hali yake."

"Sista, mimi nafungua mashimo ya vyoo," fundi akasema. "Hakuna chumba kinachonitisha."

Wakaingia. Kitanda kilikuwa cha mbao nzito, na seremala alikiungia humohumo chumbani kwa kuwa kizima kisingepita mlangoni. Kilibanana na ukuta, na ubao wake wa ubavuni ulifika usawa wa kiuno. Walikivuta kwa pamoja. Kilisogea kidogo kwa kelele, na ile harufu ikawapiga usoni.

Nyuma ya kitanda ukuta ulikuwa mweusi. Ukungu ulianzia sakafuni ukapanda mpaka usawa wa godoro, na mgongo wa ule ubao ulikuwa umeota manyoya ya kijivu. Lipu ilikuwa imevimba. Fundi aliiminya kwa kidole gumba, kidole kikazama.

"Hii rangi ya mafuta nani aliichagua?" akauliza, akionyesha sehemu nyingine ya ukuta, inayong'aa vizuri.

"Mimi," Sista akasema. Aliichagua kwa sababu ndiyo ya wodini, inafutika kwa kitambaa.

"Basi imefunika. Maji yakiwa ndani hayatoki kwenye mafuta. Lakini hapa nyuma aliyepaka rangi alikuta kitanda kimeshaungwa, akaona uvivu kukivuta, akapaacha hivihivi. Maji yamepata mlango. Na godoro lako limekaa hapohapo linayanywa."

Sista aliona anaelewa, ila hakutaka. Alisogea karibu, akashusha sauti. "Fundi, ukuta ni kweli. Lakini godoro ni jambo jingine. Mama ana tatizo. Nimelifuatilia mwenyewe, nina kumbukumbu."

"Kumbukumbu zipi?"

Akaenda kulileta daftari. Hakuna sababu nyingine iliyomfanya alilete ila kutaka kuonyesha kwamba hakukurupuka. Fundi alilifungua, akapitisha penseli kwenye safu ya tarehe. Alisoma ukurasa mmoja, akageuza, akasoma wa pili. Akaanza kucheka, akajizuia, ikamshinda.

"Sista. Jumanne limelowa. Ijumaa limelowa. Jumanne. Ijumaa. Jumanne. Sasa huyu bibi anafuata ratiba ya idara ya maji?"

Sista alimnyang'anya daftari. Jumanne, Ijumaa. Asubuhi za baada ya mgao. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake, kwa wino wa bluu, miezi mitano, na mwishoni mwa kila mstari kuna sahihi. Alitafuta pa kushika akapapata.

"Hii je?" akasema, kidole kwenye mstari mmoja. "Hii ni Jumapili. Jumapili hakuna mgao."

Fundi akasoma tarehe, akafikiri. "Wiki hiyo bomba kubwa lilipasuka kule kwenye mtambo. Mgao wa Alhamisi wakausogeza Jumamosi. Nakumbuka vizuri, nilikuwa na kazi ya watu nikaahirisha. Angalia Ijumaa ya wiki hiyo."

Sista akaangalia. *Kavu. Maendeleo mazuri.*

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Aliona aibu, aibu kavu isiyokuwa na pa kuipeleka, na juu ya aibu hiyo aliona hofu, kwa sababu mabegi mawili yalikuwa palepale mbele ya magoti yake.

Fundi hakusubiri kuambiwa. Alitoa tindo na nyundo akaanza kuchimba. Lipu ilidondoka vipandevipande vyenye maji, na ndani yake likatokea bomba linalopanda kwenda kwenye tangi. Pale linapokata kona kulikuwa na kiungio chenye doa la kutu ya kijani. Kwa kuwa mchana hakuna mgao, kilikuwa kimetulia, hata tone. Fundi akafunga bomba juu na chini, akaunganisha pampu yake ndogo ya mkono ya kupimia, akapiga mara tatu, nne. Kiungio kikatema maji, mstari mwembamba kama uzi, ukavuka nafasi ya wazi, ukapenya kwenye mwanya wa ule ubao na kulilowesha godoro, upande wa ukutani.

"Kipimo hiki kilitakiwa kifanywe kabla ya kigae cha kwanza," fundi akasema. "Nusu saa tu ya kazi."

"Hayo maji yanatoka wapi?"

Wote wawili wakageuka. Mama mkwe alikuwa mlangoni, ungo wa maharage bado mkononi. Kelele za tindo zilikuwa zimemwinua barazani.

"Ukutani, bibi," fundi akasema. Akawatazama mmoja baada ya mwingine, akaokota koleo lake. Yule mtu wa maneno mengi akapata akili. "Ngoja nikaangalie kiungio kama ninacho kwenye mkoba." Mkoba ulikuwa miguuni pake, lakini alitoka hivyohivyo.

Mama mkwe alisogea, akaweka ungo juu ya moja ya mabegi. Akanyoosha mkono, akaugusa ukuta, kisha godoro, kisha tena ukuta.

"Mama," Sista akasema, "si wewe. Haikuwa wewe hata siku moja. Ni bomba. Nimekukosea."

Mama mkwe alikuwa anatazama ule mstari wa maji unavyopungua nguvu, hadi ukawa matone.

"Kuna usiku nililala kwenye kiti," akasema. "Kile pale dirishani. Nilisema leo sipandi kitandani kabisa, tuone. Nikajifunga kanga, nikakaa mpaka asubuhi. Nilipowasha taa, godoro limelowa."

"Kumbe ulijua!"

"Nilijua nini? Nilisema basi, akili nayo imeondoka. Kumbe nilipanda kitandani, nikafanya niliyofanya, nikarudi kwenye kiti, na sikumbuki. Nikarudia usiku mwingine. Vilevile." Alifuta mkono wake kwenye kanga. "Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Kulowesha kitanda ni uzee. Lakini kutokujikumbuka?"

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Wewe ndiye muuguzi. Ulishatandika mpira."

Sista akalia. Hakulia kwa adabu. Alilia kwa sauti, amekaa juu ya godoro lililolowa, na sketi yake inalowana na yeye hajali. Mama mkwe alimwacha alie kiasi, kama mtu anayesubiri sufuria ichemke, halafu akamwambia, "Inatosha. Niletee maji ya kunywa."

Akaletewa glasi. Akainywa yote wima, bila kupumzika. "Nyingine." Akainywa nayo. Kisha akakaa kwenye kiti chake cha dirishani.

"Siku ile ulipowaambia wanangu kwamba nalowesha kitanda, ulikuwa wapi?"

"Jikoni," Sista akasema.

"Mlango uliufunga. Dirisha la barazani ukalisahau." Akamtazama. "Uliongea kwa kunong'ona. Ulivyokuwa unanisema kwa kunong'ona pale ndivyo nilivyojua nimeshakuwa mgonjwa. Sasa chukua simu. Wapigie wote wawili, weka spika. Na usinong'one."

Hilo lilikuwa zito kuliko kilio. Sista alishika simu sebuleni, amesimama, mama mkwe kwenye kochi, fundi kwenye ngazi za nje anajifanya anatafuta kitu. Mume alipokea, mngurumo wa injini nyuma yake. Wifi akaunganishwa, akasema ana kikao, ana dakika mbili.

"Nilichowaambia kuhusu mama si kweli," Sista akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani. "Mama haloweshi... hajawahi kulowesha kitanda. Bomba la tangi linavuja ndani ya ukuta, kila usiku wa mgao. Nilikuwa na tarehe zote kwenye daftari na sikuziona. Sikumwuliza. Kosa ni langu mimi, si la mama."

Mngurumo wa injini ukapungua. Mume alikuwa ameegesha pembeni.

"Kwa hiyo mama ni mzima?" akauliza.

"Mzima nilikuwa tangu mwanzo," mama mkwe akadakia. "Nyumba yako ndiyo inayoumwa."

"Mama..." mume akasema. "Fundi wa kwanza alitaka kupima mabomba kabla ya vigae. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia nataka mama aingie kabla mwaka haujaisha."

"Basi mama aliingia," akasema mama mkwe. "Na maji pia yakaingia."

Wifi, ambaye hakuzoea mpango wake kupinduliwa katikati ya kikao, akasema, "Lakini msichana nimeshampata. Nimeshamwambia Jumapili aanze."

"Aanze. Akupikie wewe, maana hujui kupika. Nilikufundisha nikachoka."

Fundi kule nje alikohoa kikohozi cha uongo ili asicheke.

Kiungio kilibadilishwa jioni ile, kikapigwa pampu mara ishirini, mama mkwe amesimama juu ya kichwa cha fundi anahesabu kwa sauti. Ukuta ungeachwa wazi wiki tatu ukauke, na ule ubao wa ubavuni uling'olewa ukatupwa nje. Godoro nalo halikuwa la kuokolewa. Sista akasema mama atalala chumbani kwao, kitanda kikubwa, yeye atalala chini. Mama mkwe akauliza tangu lini mtu mwenye kitanda cha watu wawili analala sakafuni, upande wa mwanawe si uko wazi mpaka kesho?

Kabla ya hapo, saa mbili kasoro, Sista alipanda juu ya stuli, akashusha kikombe cha bati, akakiosha vumbi la miezi mitano. Akakijaza chai mpaka ukingoni. Mama mkwe alikunywa yote, taratibu, akimwangalia mkwewe juu ya ukingo wa kikombe. Kisha akaomba miwani, kalamu na lile daftari. Sista alimpa bila kuuliza ni ya nini.

Ijumaa asubuhi Sista aliamka akakuta nafasi ya pembeni yake iko tupu na shuka limenyooshwa. Mabegi yalikuwa yamefunguliwa. Nguo zimerudi kabatini. Daftari lilikuwa juu ya meza ya kulia, limefunguliwa. Chini ya mstari wake wa mwisho kulikuwa na maandishi mengine, makubwa, ya mtu aliyezoea kuandika orodha ya stoo:

*Ijumaa. Mgao umekuja. Ukuta hauvuji. Mimi nimekunywa chai kikombe kizima saa mbili usiku. Nimelala kitanda kimoja na mkwe wangu. Asubuhi shuka kavu upande wangu. Mto uliolowa ni wa kwake.*

Mwisho wa mstari pameachwa nafasi ya sahihi. Sista alisimama akausoma tena, kisha akachukua kalamu, akatia sahihi yake.